Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuitazame methali hiyo tukiwa ndani ya maktaba za vyuo vikuu vya Afrika, ambako wakutubi wanahimizwa waingize vitabu na hati za zamani katika kompyuta. Shauri ni jema. Swali ni moja: waanzie wapi?

Tarehe 18 Aprili 2021, moto uliotokea kwenye miteremko ya mlima ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, ukaunguza ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger. Machapisho yapatayo 70,000 ya mkusanyo wa taaluma za Afrika yaliteketea, pamoja na filamu zipatazo 3,500. Milango ya kuzuia moto ndiyo iliyookoa hati nyingi zilizokuwa ghala la chini, lakini maji ya zimamoto yakazifuata hukohuko. Watu wa kujitolea walisimama mstari mmoja, wakipokezana makreti ya karatasi zilizolowa.

Chuo hicho ndicho chenye sehemu kubwa ya madaftari ya Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd. Katika miaka ya 1870, hao wawili waliandika kwa mkono masimulizi ya Waxam, wenyeji wa nchi kavu ya kaskazini mwa Rasi. Baadhi ya wasimulizi wao walikuwa wafungwa walioletwa Cape Town. Leo lugha ile haina msemaji hata mmoja. Hata hivyo, Afrika Kusini ilipopata nembo mpya ya taifa mwaka 2000, kaulimbiu yake iliandikwa kwa Kixam. Bila madaftari yale, maneno hayo yangetoka wapi?

Madaftari hayo yalikuwa yamekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti miaka mingi kabla ya moto. Hata kama yangeungua, karatasi zingepotea lakini maneno yangebaki.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali langu. Kitabu kilichochapwa, mara nyingi nakala yake nyingine hupatikana kwingine. Daftari lililoandikwa kwa mkono ni moja tu. Basi tuanze na kilicho kimoja: barua, miswada, tasnifu za wanafunzi, kanda za sauti, na magazeti madogo ambayo hakuna aliyeyaweka. Na kabla ya kupiga picha, tuandike orodha. Picha elfu kumi zisizo na maelezo ni sawa na rundo la karatasi gizani, ila rundo hili linakula umeme.

La pili ni nyumba ya kuhifadhia. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, yalikusanywa na mmisionari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Diwani yake ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor zimo katika maktaba ya SOAS, London. Waliozitunza nawashukuru. Lakini kwa miaka mingi mwanafunzi wa Mombasa aliyetaka kuuona mwandiko huo ilimbidi apande ndege.

Tusirudie safari hiyo kwa kompyuta. Mwaka 1997 ulianza mradi wa DISA katika Chuo Kikuu cha Natal, wa kuingiza kwenye kompyuta majarida ya kupinga ubaguzi wa rangi. Miaka iliyofuata, fedha za Marekani zilipokuja kwa miradi mikubwa zaidi, wanahistoria wa huko walihoji: nani anachagua kinachopigwa picha, nani ataimiliki, nani atalipishwa ili aione? Wengine waliwaona wakorofi. Mimi naona waliuliza kama mwenye mali anavyopaswa kuuliza. Mfadhili akaribishwe, lakini mkataba useme wazi kwamba nakala kamili, yenye ubora uleule, inabaki chuoni, na mwanafunzi wa Kiafrika haisomi kwa malipo.

La tatu, karatasi isitupwe. Kabatini kwangu zimo disketi za miaka ya 1990, nami sina mashine ya kuzisoma. Madaftari ya Bleek yana umri wa takriban miaka 150 na bado yanasomeka kwa macho tu. Nakala ya kompyuta yataka kuhamishwa kila baada ya miaka michache, na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja. Kazi hiyo haiishi siku mfadhili anapofunga virago. Lazima iwe na fungu lake katika bajeti ya chuo, kila mwaka, kama mshahara wa mlinzi.

Kwa hiyo, chuo kikija kujisifu kwamba kimeingiza kurasa milioni, tukiulize mambo matatu: orodha iko wapi, nakala iko wapi, na karatasi zenyewe ziko wapi? Kikishindwa kujibu, mali yake haijapata daftari.