Kutoka Kasia hadi Lakiri ya Kielektroniki: Upakuzi katika Mwambao wa Burundi

Minago, iliyo kando ya barabara kuu kati ya Bujumbura na Rumonge, si bandari ya winchi na makontena, na pengine ndiyo sababu hutajwa kwa nadra pale historia ya bandari za Ziwa Tanganyika inapoandikwa. Hata hivyo, ukitazamwa kutoka kwenye mwalo huo, yaani mahali vyombo vinapofika na kushusha samaki, mjadala wa leo kuhusu bandari ya kijani, ile inayopunguza moshi na taka zake, na kuhusu mitambo inayofanya kazi ya mikono, unaonekana kuwa na mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa.

Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji mnamo Novemba 1871 kwenda kuuchunguza mto Rusizi, walipita mwambao huu kwa mtumbwi wa makasia, chombo kilekile kilichobeba chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese na samaki wakavu. Reli ya Wajerumani ilipofika Kigoma mwaka 1914, na meli ya mvuke Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipandevipande, ilipoingia majini mwaka uliofuata, mzigo ulianza kufuata kina cha maji. Kisha mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa 15 Machi 1921 uliwapa Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Burundi, maeneo yao wenyewe ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam, hivyo shehena ya Burundi ikapata mlango wa bahari. Na gati la kisasa lilipojengwa Usumbura, Bujumbura ya leo, katika miaka ya 1950, mialo midogo ilibaki na samaki.

Ni katika samaki hao ndipo Minago ilipopata mapinduzi yake. Dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, na zamani mwanga huo ulikuwa mwenge wa kuni uliowashwa kwenye mtumbwi huku mvuvi akichota kwa wavu wa mkono. Katika miaka ya 1950, wakati wavuvi wa Kigiriki walipokuwa wakivua kwa meli za nyavu za kuzungushia, wavuvi wa kawaida walianza kuunganisha mitumbwi miwili kwa boriti na kuteremsha wavu kati yake chini ya karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu. Vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo vilivyofuata vikapewa jina la Apollo. Meli za Wagiriki zimekwisha toweka, mitumbwi ya jozi ingalipo. Siku hizi karabai inaiachia nafasi taa ya umeme inayotumia betri, mara nyingi iliyochajiwa kwa jua, isiyo na moshi wala gharama ya mafuta ya kila usiku. Ila taa safi haimpunguzii dagaa hatari: mwanga ukiwa rahisi, nyavu huongezeka, na ziwa halijali chanzo cha umeme. Hilo ndilo linaloipa uzito kazi ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura na iliyotokana na mkataba wa nchi nne uliotiwa saini mwaka 2003.

Mitambo ya kisasa zaidi, kwa upande mwingine, humfikia mfanyabiashara wa Rumonge bila yeye kuiona. Tangu mwaka 2014, chini ya eneo moja la forodha la Afrika Mashariki, ambamo ushuru hukadiriwa na kulipwa bidhaa zinapoingia katika bandari ya kwanza, tamko la kontena linaloelekea Burundi hupitia kwenye kompyuta likiwa bado Dar es Salaam, na safari yake ya nchi kavu huweza kufuatiliwa kwa lakiri ya kielektroniki, kifaa kinachofungwa mlangoni na kutoa taarifa kikichezewa. Karani wa mpakani aliyekuwa akigonga mihuri amepungukiwa na kazi. Kuli wa Bujumbura bado yupo.

Maji nayo yana hesabu yake. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi karibu na kiwango cha 1964, likafurika katika bandari ya Bujumbura na makazi ya mwambao, jambo linaloonyesha kwamba kwa Burundi ukijani wa bandari huanza na kimo cha gati kabla ya moshi wa meli. Wakati huohuo Tanzania ilianza kuendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam, na Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya Uvinza hadi Musongati, itakayoingia Burundi kupitia mashariki, mbali na ziwa. Itakapokamilika, sehemu ya shehena iliyokuwa ikivuka maji kutoka Kigoma itapita nchi kavu, na meli zitabaki zaidi na saruji na sukari kutoka bandari ya Mpulungu, Zambia, pamoja na mizigo ya Uvira na Kalemie, upande wa Kongo.