Kochi la Usiku: Historia Fupi ya The Tonight Show

Septemba 27, 1954, saa tano na nusu usiku, Steve Allen aliketi kwenye piano katika ukumbi wa Hudson Theatre, New York, akawatania watazamaji wa televisheni ya NBC kwamba kipindi wanachoanza kukitazama kitaendelea milele. Miaka zaidi ya 70 imepita, na The Tonight Show kingali hewani.

Allen alikuwa mpiga piano na mtunzi wa nyimbo, na mchekeshaji ambaye hakuhitaji maandishi. Alishuka na maikrofoni katikati ya watazamaji akazungumza na yeyote aliyemkuta. Mpango alioujenga ndio unaofuatwa hadi leo: mtangazaji hufungua kwa vichekesho, kisha hukaa nyuma ya meza, wageni huja kwenye kochi lililo ubavuni mwake, na bendi iko pale pale ukumbini.

Jack Paar alikipokea kipindi mwaka 1957. Huyu alikuwa mtu wa mazungumzo, mwepesi wa hasira na wa machozi. Februari 1960 wakubwa wa NBC walikata kisa chake cha kuchekesha kilichohusu choo. Usiku uliofuata aliwaaga watazamaji akaondoka jukwaani kipindi kikiendelea, akarudi baada ya karibu mwezi mmoja.

Johnny Carson alianza Oktoba 1, 1962, akakaa miaka 30. Sauti ya msaidizi wake, Ed McMahon, ilimkaribisha kila usiku, pazia likafunguka. Mwaka 1972 alikihamishia kipindi Burbank, California, karibu na waigizaji wa filamu. Kwa wachekeshaji chipukizi, dakika chache mbele yake zilikuwa mtihani mkubwa kuliko wote. Mchekeshaji akimaliza, macho yalikuwa kwa Carson: je, atamwita kwenye kochi? Freddie Prinze aliitwa mwishoni mwa mwaka 1973, akiwa na miaka 19 tu, na haukupita mwaka akawa nyota wa mchezo wake mwenyewe wa televisheni.

Lakini wiki ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya kipindi hiki, Carson hakuwepo. Februari 1968 alimwachia kiti mwimbaji Harry Belafonte kwa siku tano. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunamfahamu Belafonte kwa Malaika, iliyomo katika albamu aliyotoa na Miriam Makeba mwaka 1965. Wakati huo Marekani ilikuwa na majeraha. Miji ya Newark na Detroit ilikuwa imewaka moto kwa ghasia kiangazi kilichotangulia, na vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Kumweka mtu mweusi kwenye kiti kile wiki nzima lilikuwa jambo ambalo televisheni ya usiku haikuwahi kulifanya.

Belafonte hakubadilisha mpango wa kipindi. Alibadilisha watu waliokaa kwenye kochi. Walikuja wasanii Sidney Poitier, Lena Horne, Aretha Franklin na Buffy Sainte-Marie. Alikuja Seneta Robert Kennedy, ambaye alikuwa hajatangaza kugombea urais. Alikuja pia Martin Luther King, na kwanza alichekesha: ndege yake ilikuwa imepata hitilafu, akasema si kwamba mchungaji wa Kibaptisti hamwamini Mungu akiwa angani, ila amemzoea zaidi ardhini. Ukumbi ulicheka. Baadaye Belafonte alimuuliza kama anahofia maisha yake, naye akajibu kwa utulivu kwamba la maana si mtu kuishi muda gani, bali anaishi vipi. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya kipindi cha aina hii. Watu walikuwa wamekaa majumbani kusubiri utani na muziki kabla ya kulala, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kucheka pamoja na King, walimsikiliza.

King aliuawa Aprili 4 mwaka huo huo. Kennedy alipigwa risasi Juni 5, akafa kesho yake.

Carson aliaga Mei 22, 1992. Jay Leno alimrithi, Conan O'Brien akashika usukani kwa miezi michache kati ya mwaka 2009 na 2010, Leno akarudi. Jimmy Fallon yupo tangu Februari 2014, na alikirejesha kipindi New York, akiwa na bendi ya The Roots.

Kanda za video zilikuwa ghali miaka ile ya sitini, na NBC ilizifuta ili irekodi vipindi vingine juu yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya Carson ya kabla ya mwaka 1972 haipo. Wiki ya Belafonte nayo ilipotea karibu yote, uimbaji wa Aretha Franklin ukiwemo. Yaliyosalia kwa picha ni mahojiano mawili: ya King na ya Kennedy.