Miguu ya Golikipa: Kutoka Kiungani hadi Ndanda

Masasi, kusini mwa Tanzania, ilianza mwaka 1876 kama kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, chini ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ambao walimu wao wengi walifundwa Kiungani, Unguja, chuo ambacho wanafunzi wake walikuwa wakicheza kandanda kabla ya karne ya 19 kumalizika. Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali, alisomea Kiungani, na yaelekea mchezo ulifuata njia hiyohiyo ya walimu. Ndanda, jirani na Masasi, ilikuwa ya Wabenediktini Wakatoliki, waliohamia hapo mwaka 1906 baada ya misheni yao ya Lukuledi kuteketezwa katika Vita vya Majimaji.

Golikipa wa enzi hizo aliruhusiwa kushika mpira popote katika nusu ya timu yake, hadi sheria ya mwaka 1912 ilipombana ndani ya eneo la penalti. Kwa hiyo mikono ilibeba sifa zote, na miguu ikadhaniwa kuwa ya kusimamia tu. Dhana hiyo ilikuwa potofu, kwani kipa anapojirusha pembeni, mguu ulio mbali na mpira huanza kumsukuma na ule ulio karibu humalizia, hivyo mmoja ukiwa dhaifu anaweza kuchelewa upande mmoja wa lango.

Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, na tangu hapo akawa mpigaji: mguu mmoja hupiga, mwingine hubeba uzito, na kila mmoja hukua kwa namna yake. Wataalamu huipima tofauti hiyo kwa kumtaka mchezaji aruke juu kwa mguu mmoja mmoja, na wengi huichukulia inayozidi asilimia 10 hadi 15 kuwa ya kushughulikiwa.

Makipa wa Ndanda FC, iliyocheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara tangu msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwaka 2020, ikitumia uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, walidaka chini ya kanuni hiyo ya mwaka 1992. Ni rahisi kudhani kwamba milima ya huko kusini huzaa makipa, maana wenyeji wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, walishuka mabondeni kwa vizazi vingi kuteka maji na kuyapandisha. Lakini kupanda hukuza ustahimilivu zaidi ya nguvu ya ghafla anayoihitaji kipa, tena huitumikisha miguu yote miwili kwa zamu, ilhali mpira huchagua mmoja.