Nyama Isiyofichika: Chungu cha Meru na Embu

Wako wanaodhani kwamba kula bila nyama ni bidaa iliyoletwa na wageni, nao hao hupata taabu kukieleza chungu cha zamani cha Meru na Embu, ambacho aghalabu ya siku za mwaka hakikuona nyama, wala mwenye chungu hakujihesabu kuwa amefunga au amekatazwa na dini yoyote. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya watu waliishi kwa mtama, mawele na wimbi, kwa njahi, kunde na mbaazi, kwa nduma za mabondeni na viazi vikuu vilivyotambaa juu ya miti, na kwa ndizi mbichi zilizopondwa. Fauka ya hayo palikuwa na mboga za majani, terere, managu, majani ya maboga, na thabai, jani lile linalomwasha mchumaji hata akajuta, kisha likipata moto likatulia kama halikumkosea mtu. Njahi zilikuwa na heshima ya peke yake, kwani ndizo alizopikiwa mzazi baada ya kujifungua.

Nyama nayo ilikuwa na mahali pake, ila mahali penyewe palikuwa barazani na penye kafara zaidi kuliko jikoni. Mbuzi alichinjwa kwa ibada, kwa kiapo, kwa kumtakasa aliyevunja mwiko, kwa mahari na kwa faini; na aliyetaka kuingia katika Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, hakuingia mikono mitupu. Bwana H.E. Lambert, ambaye wapenzi wa Kiswahili humkumbuka kwa uchunguzi wake wa lahaja za Kivumba, Chijomvu na Chifundi, alikuwa mkuu wa wilaya huko Meru katika miaka ya 1930, naye ni mmojawapo wa waliofanya serikali ya Waingereza ilitambue baraza hilo. Na katika baraza hilo mnyama wa faini alikuwa ndiye hukumu yenyewe, kwa sababu kesi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka wazee wamekwisha kumla.

Na tumtazame mnyama huyo akigawanywa. Hakuna kipande kilichokuwa cha yeyote atakayewahi: wazee walikuwa na fungu lao, vijana waliokaa katika gaaru, yaani nyumba ya askari, walikuwa na lao, na wanawake lao, na aliyetia mkono katika fungu lisilo lake alikuwa amefanya kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kila mlaji alijua mnyama ametoka zizi gani, na kwa dhambi ya nani. Nyama ya namna hiyo haifichiki.

Waingereza walipoitiisha Embu mwaka 1906, na kuweka boma Meru mwaka 1908, yalifuata maduka, na miongoni mwa Wahindi wenye maduka walikuwamo ambao kwao kuacha nyama ni nguzo ya dini. Kaumu hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya mafuta yaliyofichwa, kwa maana mwaka 1857 askari wa Kihindi waliwaasi Waingereza, na moja ya sababu ni habari iliyoenea kwamba risasi walizotakiwa kuzikata kwa meno zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Majirani zao wa mlimani hawakuwa na khofu hiyo bado.

Chungu cha namna hiyo nacho kilipimwa: mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na J.L. Gilks, walitoa ripoti iliyowalinganisha Wamasai, watu wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, majirani wa Waembu na wenye chakula cha karibu na chao. Walisema mwanamume wa Kimasai humzidi mwenzake kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na wengi wakakata shauri kwamba mboga ndiyo iliyowadhoofisha Wakikuyu. Mimi siikubali hukumu hiyo upesi. Chungu kilichopimwa hakikuwa tena kile cha bibi zao, kwani mahindi yalikuwa yamekwisha kuusukuma mtama kando. Na wataalamu hao hao waliona kwamba wanawake, waliokula majani kwa wingi, walikuwa na afya njema kuliko waume zao.

Nyama ya kufichika ilikuja na soko. Ilikuja na hoteli ya kando ya stendi, ambamo githeri, yaani mahindi na maharagwe, hukaangwa kwa mafuta yaliyoenguliwa juu ya sufuria ya karanga, yaani mchuzi wa nyama, na mwiko mmoja huhudumia sufuria zote mbili. Ikaja na unga wa mchuzi, na peremende laini za gelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, na ambayo pia ndiyo ganda la vidonge vingi vya dawa. Mwislamu wa Majengo mjini Meru huuliza kwa sababu ya nguruwe, Mhindu kwa sababu ya ng'ombe, na kijana wa leo aliyeamua kuacha nyama kwa hiari yake huuliza kwa sababu ya wanyama wote. Mpishi huwajibu wote kwamba githeri yake haina nyama, wala hasemi uongo, maana kwake yeye nyama ni ile inayokatwa vipande na kuhesabiwa katika sahani.