García: jina la dubu, la wafalme, na la kisiwa kisicho na wenyewe

Wadau, leo naomba tuziweke siasa za hapa nyumbani pembeni kidogo tuongelee majina. Najua wapo watakaosema jamaa kakosa cha kuandika. Subirini kwanza. Kwa sisi tunaoishi kwa kuandika habari, jina ndicho kitu cha kwanza unachotakiwa kukipata sawasawa, na kuna jina moja la Kihispania ambalo limekuwa likinifuata kila ninapogeuka. Kwenye vitabu lipo, kwenye mpira lipo, kwenye habari za vita lipo, na hata katikati ya Bahari yetu ya Hindi lipo. Jina lenyewe ni García.

Tuanze na hesabu. Hispania ina watu karibu milioni 49, na García ndilo jina la ukoo linaloongoza nchi nzima. Wanaolibeba kama jina la kwanza la ukoo ni zaidi ya milioni 1.4, yaani katika kila watu mia unaokutana nao mtaani, watatu ni akina García. Wanaolifuata, akina Rodríguez na González, hawafiki hata milioni moja kila mmoja. Na kwa kuwa kule kila mtu ana majina mawili ya ukoo (nitaeleza hapo chini), wapo makumi ya maelfu ya watu wanaoitwa García García, kwa sababu baba ni García na mama naye ni García, bila undugu wowote kati yao!

Sasa hili jina lilitoka wapi? Hapa ndipo panaponogea. Majina mengi ya Kihispania hayana siri. Ukiona mwisho wake ni "-ez", jua ni sawa na "bin" yetu. Rodríguez ni mtoto wa Rodrigo, Fernández ni mtoto wa Fernando, Martínez ni mtoto wa Martín. García haina hiyo "-ez". Lenyewe lilikuwa jina la mtu, jina la kupewa, kama Juma au Otieno. (Mtoto wa García alikuwa anaitwa Garcés, na akina Garcés wapo hadi leo.)

Na wala si la Kilatini, mama wa Kihispania. Wataalamu wengi wanalipeleka kwa Wabaski, watu wa milima ya kaskazini, mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Hawa Wabaski ni watu wa ajabu kidogo: lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Warumi walikuja wakaondoka, Kibaski kikabaki. Katika lugha hiyo "hartz" ni dubu, yule mnyama mkubwa wa milimani, na wapo wanaosema García imetoka humo. Wengine wanasema imetokana na "gaztea", maana yake kijana. Mabishano hayajaisha. Mimi napenda la dubu. Watu wa milimani kumwita mtoto wao jina la mnyama mwenye nguvu kuliko wote msituni ni jambo ambalo sisi huku hatuhitaji kufundishwa, akina Simba na Chui wamejaa mitaani kwetu.

Lililo wazi ni kwamba katika karne ya 9 jina hili lilikuwa tayari limekaa kwenye kiti cha enzi. García Íñiguez alikuwa mfalme wa Pamplona, ufalme mdogo wa Wabaski uliokuja kuitwa Navarra. Karne iliyofuata akaja García Sánchez, mfalme kuanzia mwaka 925 hadi 970. Na mnajua binadamu alivyo: mfalme akiitwa García, na wa kijijini naye anamwita mwanawe García. Wakristo wa kaskazini walipokuwa wakisukuma mipaka kuelekea kusini, jina likasafiri nao kijiji kwa kijiji. Baadaye majina ya ukoo yalipoanza kuganda, jina la babu likabaki kuwa jina la ukoo mzima, na kwa kuwa akina babu García walikuwa wengi, koo za García nazo zikawa nyingi. Ndiyo maana akina García wawili hawawi ndugu hivi hivi. Hakuna García mmoja aliyewazaa wote.

Kuna kisa kimoja ambacho nadhani watu wa pwani mtakipenda. Karne ya 11, wakati sehemu kubwa ya Hispania ilikuwa chini ya Waislamu, katika mji wa Denia alikuwepo mwandishi mmoja anaitwa Abu Amir ibn Gharsiya. Gharsiya ni García kwa matamshi ya Kiarabu, kwa hiyo huyu bwana, ukitaka, ni "bin Garcia". Asili yake ilikuwa Mbaski, akachukuliwa mateka akiwa mdogo, akalelewa katika Uislamu na kusomeshwa Kiarabu mpaka akakibobea. Halafu akakitumia Kiarabu hichohicho kuandika waraka mkali wa kuwapinga Waarabu waliojiona bora kuliko wengine kwa sababu ya nasaba. Waraka ukazua moto, wakajitokeza wa kumjibu kizazi baada ya kizazi. Nikisoma kisa hiki nawaza mabishano yetu ya Lamu, Mombasa na Unguja kuhusu nani Mwarabu, nani Mswahili, na nani ana shajara ndefu zaidi. Hakuna jipya chini ya jua jamani.

Tuje kwenye majina mawili. Mhispania hubeba jina la ukoo la baba na la mama, na kwa desturi la baba ndilo linalotangulia. Mwanamke akiolewa habadili jina. Utaratibu huu ulikazwa na sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870. Mwaka 1999 sheria ikaruhusu wazazi kukubaliana la mama litangulie, na tangu mwaka 2017 la baba halipewi tena upendeleo wa moja kwa moja, wazazi wanatakiwa waseme wenyewe wanataka lipi.

Hapa ndipo waandishi wa huku tunapochemsha kila siku. Tunaandika "Marquez" tukidhani ndilo jina la ukoo la yule mwandishi wa Colombia aliyepata Nobel mwaka 1982. Siyo! Gabriel García Márquez ni García kwa baba na Márquez kwa mama. Ukienda maktaba iliyopangwa vizuri mtafute kwenye G, usimtafute kwenye M. Kuna utamu zaidi. Baba yake, Gabriel Eligio García, alizaliwa nje ya ndoa. Babu mzaa baba alikuwa anaitwa Martínez, na García lilikuwa jina la bibi, Argemira García, binti aliyezaa bado mdogo na kumlea mtoto kwa jina lake. Kwa hiyo García lililoandikwa kwenye vitabu vilivyosomwa dunia nzima lilipita kwa mwanamke. Desturi ingefuata njia yake ya kawaida, leo tungekuwa tunamsoma Gabriel Martínez.

Na wingi nao una adhabu yake. García ni wengi mno kiasi kwamba jina halimtambulishi mtu. Federico García Lorca, mshairi aliyeuawa karibu na Granada Agosti 1936 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, dunia inamwita Lorca tu. Lorca lilikuwa la mama yake. La baba limemezwa na wingi wake lenyewe. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Haya, tuvuke bahari. Merikebu za Hispania zilipokwenda Amerika kuanzia mwaka 1492 zilibeba na majina. Huko García liliwafikia watu ambao babu zao hawakuwahi kumwona dubu wala Mbaski. Wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya mapadri na wasimamizi wao. Waafrika waliouzwa Cuba na kwingineko mara nyingi walibaki na jina la aliyewanunua. Kwa hiyo ukikutana na García mweusi wa Havana, jina lake huenda linakuonyesha aliyemmiliki babu wa babu yake, na limefunika jina ambalo babu huyo alitoka nalo Afrika.

Ufilipino mambo yalifanyika kwa karatasi. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería alitoa amri kwamba familia zichukue majina ya ukoo ya kudumu. Serikali ilikuwa inashindwa kuhesabu watu na kukusanya kodi, maana ndugu wa tumbo moja walikuwa na majina tofauti. Likachapishwa kabrasha la maelfu ya majina kwa mpangilio wa alfabeti na kusambazwa mikoani. Kuna miji ambayo karibu kila mtu aliishia na jina linaloanza na herufi ileile! García leo ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa kule, na hata rais wa nchi kati ya mwaka 1957 na 1961 alikuwa Carlos Garcia (Wafilipino hawaweki alama juu ya i). Ndugu zetu mnaofanya kazi Dubai, Doha au Muscat, yule nesi Garcia wa zamu ya usiku mwenye asili ya Manila pengine hana hata tone la damu ya Hispania. Ana karatasi ya Clavería.

Afrika nayo haikupitwa, ingawa huku liliingia kwa mlango wa Wareno. Wafalme wa Kongo walianza kubatizwa mwaka 1491, na majina ya Kireno yakawa majina ya heshima ikulu. Kuanzia mwaka 1641 hadi karibu 1660 Kongo ilitawaliwa na Garcia wa Pili, jina lake la kwao Nkanga a Lukeni. Msidhani alikuwa kibaraka. Huyu aliungana na Waholanzi dhidi ya Wareno walipoiteka Luanda. Kwake Garcia lilikuwa jina alilolivaa kama joho, na la nyumbani hakulitupa. Tofauti na mtumwa wa Havana naiona hapo.

Siku hizi García linakimbia zaidi Marekani. Katika sensa ya mwaka 2000 lilikuwa la nane kwa wingi nchi nzima, watu 858,289, na ilikuwa mara ya kwanza majina ya Kihispania (García na Rodríguez) kuingia kumi bora. Sensa ya 2010 ikalikuta la sita, watu 1,166,120, likiwa limewapita akina Miller na akina Davis. Yaani jina la wachungaji wa milimani sasa linapumulia shingoni akina Smith na Johnson.

Nimekiacha kisiwa makusudi mpaka hapa. Diego Garcia mmelisikia wengi wakati wa vita vya Afghanistan mwaka 2001 na Iraq mwaka 2003, maana ndege za mabomu za Marekani zilirukia huko. Kisiwa hicho kiko katika Visiwa vya Chagos, kusini mwa Maldives, na kina jina la baharia wa zama za merikebu za Wareno. Huyo baharia hakuacha mtoto pale. Waliokifanya kisiwa kiwe nyumbani ni wengine: watu walioletwa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 18 kulima minazi, watumwa kutoka Msumbiji na Madagaska. Soma tena hapo. Msumbiji. Hao ni watu wa pwani yetu.

Mwaka 1965 Uingereza ikaimegua Chagos kutoka Morisi kabla haijaipa uhuru, kisha ikawapa Wamarekani Diego Garcia wajenge kambi. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wote waliondolewa, wakatupwa Morisi na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa moshi wa sumu. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya rais wake Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf, ilitoa maoni kwamba Morisi ilimeguliwa kinyume cha sheria na Uingereza iondoke haraka. Mei 2025 Uingereza na Morisi zikasaini mkataba wa kuirudishia Morisi Chagos, lakini Diego Garcia yenyewe ibaki kambi kwa miaka 99. Mkataba unazungumzia kuwarudisha watu kwenye visiwa vingine. Siyo hicho.

Kwa hiyo García aliyepita tu na merikebu ana kisiwa chenye jina lake, na waliozaliwa, kuoana na kuzikana hapo hawana hata ruhusa ya kukaa. Hilo ndilo linalonikaa rohoni kuliko dubu na wafalme wote niliowataja. Watu wakiambiwa jina la ukoo ni historia huwa wanatabasamu. Ni historia kweli, ila inabidi uulize iliandikwa na nani: na mama aliyemlea mwanawe, na karani wa kodi, au na aliyekuwa na merikebu na bunduki.

Wewe je, jina unaloandika mwisho kwenye fomu ni la nani? La babu, la mbatizaji, au la karani aliyekosea kusikia? Kawaulizeni wazee wangali hai.