Walinzi wa kasa katika fukwe za Kigamboni

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam anayevuka kwenda Kigamboni mwishoni mwa wiki huishia katika fukwe za karibu na mji, zenye vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga. Wachache huendelea kusini hadi Kimbiji, Buyuni na Pemba Mnazi, ambako majabali ya mwamba wa matumbawe yamechongwa na mawimbi na kuacha katikati yake vipande vya ufukwe wa mchanga. Katika vipande hivyo kasa wa baharini hupanda usiku kutaga mayai, na wanakijiji waliopewa kazi ya kuwafuatilia hupita kwa miguu kutazama ni wapi amepanda.

Ufuatiliaji huo ni matunda ya mpango ulioanza mwaka 2001 kisiwani Mafia, ambao baadaye ulizaa shirika lisilo la kiserikali la Sea Sense. Kutoka Mafia ulisambaa hadi wilaya nyingine za pwani, zikiwamo Pangani, Mkuranga na Temeke, ambayo wakati huo ilijumuisha Kigamboni yote. Wafuatiliaji hutoka katika vijiji vyenyewe, na baadhi yao ni wavuvi wanaoijua bahari kuliko mtaalamu yeyote atokaye mjini.

Nyenzo yao ya kwanza ni macho. Kasa wa kijani hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo huacha mburuzo mpana wenye alama zinazolingana pande zote, mithili ya tairi la trekta. Ng'amba, ambaye ni mdogo zaidi, hutanguliza pezi moja baada ya jingine, na alama zake hupishana. Aidha, si kila mburuzo una kiota. Kasa akishtushwa hugeuka na kurudi majini bila kutaga, kwa hiyo mfuatiliaji hulazimika kufukua kwa mikono, taratibu, hadi ayaone mayai. Kiota kimoja cha kasa wa kijani huwa na mayai 100 au zaidi.

Kiota kikiwa mahali ambapo maji ya bamvua yatafika, mayai huhamishiwa juu. Kazi hiyo haitaki kuchelewa. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete huanza kujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo hufa. Mfano mkubwa uko Pangani, katika kisiwa cha Maziwe. Kisiwa hicho kilipoteza miti yake na sasa hufunikwa na maji yanapojaa, lakini kasa wameendelea kukirudia. Mayai yao huchukuliwa kwa mashua na kufukiwa upya katika ufukwe wa Ushongo, bara.

Baada ya takriban siku 55 hadi 60, vitoto hutoka. Mfuatiliaji hufukua tena, akahesabu maganda matupu, mayai yaliyoharibika na vitoto vilivyokufa, kisha akaandika. Bila daftari hilo hakuna anayeweza kusema kwa hakika iwapo kasa wa pwani hii wanaongezeka au wanapungua.

Neno "kujitolea" lisimpotoshe msomaji. Mpango wa Mafia uliweka malipo madogo ya aina mbili: moja kwa mtu anayetoa taarifa ya kiota, na jingine baadaye kulingana na idadi ya vitoto vilivyotoka salama. Wapo wanaodai kuwa fedha huharibu moyo wa uhifadhi. Hoja hiyo ni nyepesi. Mayai hayo yana mlaji na yana mnunuzi, na kabla ya mpango huo viota vya Mafia vilivyogunduliwa na watu vilikuwa vikichimbwa karibu vyote. Malipo ya pili ndiyo yenye akili, kwani humfanya aliyekuwa mchimbaji awe na sababu ya kukilinda kiota kwa miezi miwili. Udhaifu wake ni kwamba yanategemea wafadhili, na wafadhili huja na kuondoka.

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, kwenda Kigamboni kwa gari hakuhitaji tena kusubiri pantoni, na mfuatiliaji wa kasa anajikuta akiwa pia mwangalizi wa wageni. Upande wa Kinondoni, visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu yanayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mgeni hulipa kiingilio. Fukwe za vijijini Kigamboni hazina lango. Mgeni huwasha moto mchangani, huendesha gari juu ya viota asivyovijua na huacha chupa za plastiki. Taa ni hatari zaidi, kwa kuwa vitoto hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya nyumba ya wageni huvipeleka nchi kavu, ambako hufa kwa jua au kuliwa na kunguru na kaa.

Hata hivyo, mgeni anaweza kuwa faida. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, watalii hulipa ili kushuhudia vitoto vikitoka, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Masharti ni machache: kukaa nyuma ya kiota, kutowasha tochi wala mwanga wa kamera, na kutovibeba vitoto kwenda majini.

Mwezi Oktoba 2025, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake duniani kuongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Ng'amba bado yuko hatarini kabisa. Ikumbukwe pia kwamba kasa huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga, kwa hiyo majike ya vitoto vilivyotoka mwaka 2001 ndiyo kwanza yanakaribia kupanda ufukweni, iwapo yalinusurika nyavu za jarife.

Kuvua kasa au kuchukua mayai yake ni kosa chini ya sheria za uvuvi nchini. Nyama yake nayo inaweza kuua: mwezi Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kuila.

Anayemkuta kasa mwenye hereni ya chuma kwenye pezi, awe hai au mfu, anakili namba yake na kuipeleka kwa ofisa uvuvi au serikali ya kijiji. Baadhi ya hereni zilizopatikana katika pwani ya Tanzania zilivalishwa kasa Afrika Kusini.