Asidi Mbili za Nyongo: Kutoka Mulago Hadi Paje

Mwaka 1989 wanawake wa Paje, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, walianza kulima mwani wa biashara. Maji yakikupwa, huinama mwambani kufunga mbegu kwenye kamba, kisha hubeba magunia ya mwani mbichi hadi ufukweni. Wengi wao walikulia mhogo, viazi vitamu, kunde na samaki. Baadaye ikaja barabara ya lami, zikaja hoteli, na mkate mweupe, chipsi na soda vikazoeleka. Wasichana wa wakati ule leo ni kina mama wa makamo, umri ambao mawe ya nyongo huwapata wanawake wengi duniani, hasa walionenepa.

Madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki walilitazama mapema jambo hili la chakula na mawe ya nyongo. Hugh Trowell alifika mwaka 1929. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alianzia Lira, Uganda, mwaka 1946, na miaka miwili baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Waliona kwamba mawe ya nyongo, yaliyokuwa ya kawaida katika wodi za Uingereza, hapa yalikuwa nadra. Mwaka 1975 walihariri kitabu kilicholaumu vyakula vilivyokobolewa hadi nyuzinyuzi zikaisha. Hoja yao ilikuwa na pengo, kwa kuwa mawe mengi hayaumi na siku zile hapakuwa na ultrasaundi ya kuyaona. Hata hivyo, waliuliza swali la maana: chakula kinaifanya nini nyongo?

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na lehemu. Tukila mafuta, asidi hizo humwagika utumboni kuyayeyusha, kisha zaidi ya asilimia 90 hufyonzwa na kurudi ini. Ndizo pia zinazoizuia lehemu isigande ndani ya nyongo. Mwili uliozidi unene hutengeneza lehemu nyingi, na ini huitoa ziada kupitia nyongo. Ikizidi uwezo wa nyongo, hutuama kama sukari chini ya kikombe cha chai, na hapo mawe huanza. Mwaka 1973, Eru Pomare na Kenneth Heaton wa Bristol walionyesha kuwa pumba za ngano hubadilisha mchanganyiko wa asidi hizo. Swali la Mulago likaanza kupata jibu la maabara.

Wengine walitafuta jibu kwenye kidonge. Mwaka 1972, madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza kuwa wamewapa wanawake 7 asidi ya kenodeoksikoliki, mojawapo ya asidi hizo za nyongo, na mawe ya 4 kati yao yakapungua au kutoweka. Matumaini yakapanda. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1981, wenye wagonjwa 916, ulionyesha kwamba hata kwa dozi kubwa, baada ya miaka 2 mawe yaliyeyuka kabisa kwa asilimia 13.5 tu ya wagonjwa. Baadhi ya wagonjwa maini yao yalitetereka, na lehemu mbaya ya damu ikapanda.

Japani walikuwa na asidi nyingine, ya ursodeoksikoliki, iliyopatikana kwanza katika nyongo ya dubu. Inatofautiana na ile ya kwanza kwa mkao wa kiungo kimoja tu cha kemikali, lakini ni pole zaidi kwa ini, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1987. Faida yake kubwa ilionekana katika kinga. Mwaka 1995, Harvey Sugerman na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wanene waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili wapungue, kwani kupungua haraka nako huleta mawe. Waliopewa dawa bandia, asilimia 32 walipata mawe. Waliopewa miligramu 600 kwa siku kwa miezi 6, ni asilimia 2.

Mwaka 1999 likagundulika jambo la ndani zaidi kuhusu asidi hizi. Asidi za nyongo hufanya kazi pia kama wajumbe: hushika kipokezi kiitwacho FXR na kuliamuru ini lipunguze au liongeze kazi zake. Kenodeoksikoliki hukiwasha kipokezi hicho. Utafiti wa mwaka 2015 kwa watu wenye unene uliopitiliza ulionyesha kuwa ursodeoksikoliki huenda kinyume: ini lilitengeneza asidi nyingi zaidi za nyongo na lehemu mbaya ya damu ikashuka, lakini mafuta ndani ya ini yakaongezeka. Kwa hiyo dawa inayosaidia mfuko wa nyongo si lazima iwe tiba ya unene.

Tanzania ina jambo jingine la kuangalia. Ugonjwa wa selimundu umeenea nchini, nao huzaa mawe yasiyotokana na lehemu bali na chembe nyekundu za damu zinazovunjika. Asidi hizi haziyayeyushi. Hata mawe ya lehemu yakiyeyuka, kwa karibu nusu ya wagonjwa hurudi ndani ya miaka 5. Ndiyo maana anayeumwa mara kwa mara hushauriwa kuondolewa mfuko wa nyongo.

Basi, msomaji wa Paje na kwingineko, ukiambiwa una mawe ya nyongo, muulize daktari ni ya aina gani kabla ya kununua kidonge. Ukitaka kupungua, pungua taratibu, kwa sababu kufunga kula kwa pupa nako huleta mawe. Na mhogo, kunde na mboga za shamba usivione chakula cha shida.